Nani Kashika Pepeo

Ukurasa wa 212 una doa la mafuta ya nywele. Kurasa zilizotangulia ni safi. Msusi alikuwa akisoma kwa adabu, mikono imepanguswa. Kuanzia hapo adabu imekwisha. Kuna alama ya dole gumba lenye jeli, kuna uzi wa rasta umebanwa kati ya karatasi mbili, na pembe ya ukurasa wa 230 imekunjwa mara mbili, kana kwamba mara moja haikutosha. Aliponirudishia kitabu hakusema kizuri wala kibaya. Alikiweka juu ya mkoba wangu, akakipigapiga kama mtoto anayebembelezwa alale, akauliza, "Cha tatu kiko wapi?"

Saluni yenyewe iko Pangani ya Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Mimi ni mtu wa hesabu, nashika daftari za duka la vipuri vya magari huko Kirinyaga Road, na kila baada ya wiki sita nauza Jumamosi yangu nzima nisukwe. Ukitaka zile ndogondogo ni saa sita, pengine saba. Televisheni ya pale ilikufa wakati wa korona, na mwenye saluni, ambaye sote tunamwita Mama Saluni hata walio wakubwa wake, aliapa hanunui nyingine mpaka tuache kugombania rimoti. Kwa hiyo wengine wakawa wanalala, wengine wanasengenya, na mimi nikaja na riwaya ya mapenzi.

Nilikipata kwa wale wauzaji wa vitabu tunaowaita inama, wanaotandaza turubai kando ya barabara katikati ya mji. Jina lao limejieleza: usipoinama hununui. Shilingi 150. Jalada lilikuwa kifua cha mwanamume, kifua kitupu kimelowa maji, na kichwa kimekatwa na ukingo wa karatasi, kwa sababu nadhani kila msomaji hupenda kuweka kichwa anachokijua mwenyewe. Nilikivalisha gazeti nisiaibike ndani ya matatu. Kosa langu ni kwamba nilichana ukurasa wa matangazo ya vifo. Mkenya hawezi kulipita tangazo la kifo bila kulisoma. Mzee wa kiti cha pili alinikodolea macho mpaka Ngara, akimsoma marehemu juu ya magoti yangu, jamaa zake wote mpaka mawifi, na akashuka akinipa pole.

Jina la mfululizo sitalitaja. Aliyeuandika yu hai na wasomaji wake ni wakali kuliko ndugu wa marehemu. Tuseme tu ni vitabu vinne, kaka wanne wenye shamba kubwa la ng'ombe huko Marekani, kila kitabu kaka mmoja anapata mtu wake. Mifululizo ya namna hii iko ya aina mbili, na anayejua soko la inama anajua kuuliza mapema. Kuna ile ambayo kila kitabu kina wapenzi wake na kinajitosheleza, ila wale wa kitabu cha kwanza unawaona wakipita kwa nyuma katika cha pili, mke ana mimba, mume amenenepa. Na kuna ile ambayo ni wapenzi walewale vitabu vitatu, na kila kimoja kinakuacha mlangoni na mguu mmoja hewani. Hii ya pili ni hatari kwa mnunuzi wa mitumba. Mimi ninazo riwaya mbili za kwanza ambazo mwendelezo wake sijauona hadi leo, na mmoja kati ya wale wanaume bado yuko hospitalini amezimia tangu mwaka 2019.

Mapenzi ya vitabu hivi yana sheria mbili ambazo mwandishi akizivunja anaitwa tapeli. Ya kwanza, hadithi ni ya wawili hao na mengine yote ni mboga. Ya pili, mwishoni wawe pamoja, au angalau tuamini watakuwa. Katikati ni ruhusa kila kitu. Wasomaji wa dunia nzima hupima moto kwa pilipili: pilipili moja wanashikana mikono na mlango unafungwa, pilipili tano mlango haupo kabisa. Pale saluni kipimo hicho kilizoeleka wiki moja tu. Mteja akiingia, kabla ya kuuliza bei ya kusuka: "Hicho ni cha pilipili ngapi?"

Ila nilikuja kugundua, nikiwa nimekaa chini ya mikono ya msusi saa zote hizo nikiwasikiliza, kwamba pilipili watu huulizia mlangoni tu. Wakishaingia ndani wanabishana mambo mengine.

Wanabishana kodi, kwa mfano. Yule binti wa kitabu cha kwanza ameacha kazi mjini akaenda kukaa shambani. Nani sasa anamlipia nyumba aliyoiacha? Mwandishi hasemi. Hili liliwakera wanawake watatu kiasi cha kukosa hamu ya kurasa zilizofuata, ambazo zilikuwa za moto. Wanabishana msongamano wa magari pia. Kila mpenzi wa riwaya hizi ana tabia moja: kitabu kikifika robo ya mwisho, sharti waachane. Usiniulize kwa nini, ni kama mvua za Aprili. Halafu mwanamume anagundua kosa lake, anaruka kwenye gari, anafika kuomba msamaha katika aya hiyohiyo. Mama Saluni aliposikia hapo alicheka mpaka akaweka chini chanuo. "Huyo atoke Upper Hill aende Donholm saa kumi na moja jioni, na kanyesha. Mapenzi yangefia Jogoo Road. Angefika City Stadium ameshasahau alikuwa anaomba msamaha wa nini."

Na kuna soja wa jengo. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, ana diploma ya ualimu ambayo bado haijampa darasa, analinda usiku. Aliniomba kitabu kwa sauti ya mtu anayeomba dawa ya minyoo, nikampa, akakisoma kwa zamu mbili. "Madam," akaniambia Jumamosi iliyofuata, "huyu jamaa hufanya kazi saa ngapi? Ana ng'ombe mia tisa. Kurasa mia tatu, hakuna hata mmoja aliyeugua. Sisi nyumbani tulikuwa nao wawili na hatukuwa tunalala." Nikamwuliza na yale mengine je. Akatazama ngazi. "Yale mengine ni sawa. Lakini aliyeandika mawazo ya huyu mwanamume ni mwanamke. Sisi hatufikirii maneno mengi hivyo tukiwa tumesimama jikoni."

Vitabu hivi vya kisasa mara nyingi hupokezana, sura ya mwanamke kisha sura ya mwanamume, na kila mmoja husema "mimi". Kwa hiyo soja alikuwa amejikuta ndani ya kichwa cha mwanamume mwenzake na hakukitambua. Nilipowapelekea wanawake maoni hayo, walisema kwa kauli moja kwamba hiyo ndiyo sababu wanasoma.

Sasa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni shangazi yake Mama Saluni, mzaliwa wa Lamu, anakaa Eastleigh kwa mwanawe, na siku za Jumamosi huletwa saluni "apate hewa", ingawa hewa ya pale ni ya dawa ya kulainisha nywele. Hasomi Kiingereza. Kwa miezi miwili alituangalia tukipokezana kitabu, tukinong'ona, tukipiga vigelegele vidogo, mpaka siku moja akanipungia mkono. "Ndoo, keti hapa, unipe hadithi."

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Hii ni ya kizungu."

"Marahaba. Wazungu hawaoani? Nipe. Lakini kwanza, mwisho wao wako pamoya?"

Nikamwambia wako pamoja. Akatulia, akaegemea. Alinieleza baadaye kwamba hasikilizi kitu ambacho hajui mwisho wake. Ndoa zake mbili za kwanza aliziingia namna hiyo.

Nikaanza kusimulia, na mambo yakaenda vizuri: shamba, mvua, gari limekwama, binti anaingia nyumbani kwa kaka wa pili akiwa amelowa. Nilifasiri papo kwa papo, nikajiona hodari. Halafu tukafika kitandani na Kiswahili changu kikanitoroka.

Mimi nimezaliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, kama nusu ya Nairobi, na nimekua Majengo. Kiswahili si lugha niliyojifunzia darasani. Lakini pale niligundua kwamba Kiswahili changu cha mambo hayo kina droo tatu. Droo ya kwanza ni ya zahanati: maneno ya bango la ukutani, yenye mishale na namba, ambayo hata watu wawili wanaopendana kufa wakiyatamka wataishia kupeana miadi ya kliniki. Droo ya pili ni ya stendi ya matatu, na hiyo hata funguo sitaki. Ya tatu ni ya mafumbo, na hiyo mimi sikuwahi kukabidhiwa. Katika Kiingereza nilikuwa nimesoma ukurasa ule bila kupepesa. Neno la Kiingereza halina mama. Halijawahi kukupiga kofi la mdomo ukiwa na miaka saba kwa sababu umelisema mbele ya wageni. Kwa hiyo tunasoma kwa Kiingereza, tukiwa salama kama mtu aliyevaa glavu, na tunachekea kwa Kiswahili.

Bi Mkubwa aliniona nikigugumia. "Wataka kusema nini?" Nikamnong'oneza sikioni, kwa mchanganyiko wa lugha na vidole. Akashangaa kwamba hilo tu ndilo limenikwamisha. "Sema chungu kilichemka hadi kifuniko kikacheza. Endelea."

Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi wawili. Mimi naleta tendo, yeye analivisha kanga. Aliweza kusema jambo zima la kurasa nne kwa habari za jikoni na bahari bila kutaja kiungo hata kimoja, na wateja waliokuwa wamesoma ukurasa uleule kwa Kiingereza bila kushtuka walijifunika nyuso kwa taulo.

Lakini alinikatiza mahali nisipotarajia. Katika kitabu cha pili, yule kaka anasimama, anamwuliza binti kama anataka waendelee. Nilipita haraka, kwangu ilikuwa sentensi ya njiani.

"Ngoja. Amemwuliza?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Amemwuliza kama ataka?"

"Mara mbili."

Hakusema kitu. Saluni nayo ikanyamaza, hata msusi mikono yake ikasimama kichwani mwa mteja. Kisha Bi Mkubwa akaniambia nirudie pale, neno kwa neno, alivyouliza.

Wakati wa chai ndipo alipotusomea. Wengi wetu tulikutana na Utendi wa Mwana Kupona shuleni, tukaukariri kwa ajili ya mtihani, tukausahau. Yeye alilelewa nao. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliutunga mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, wasia kwa binti yake, na sehemu kubwa ya wasia huo ni namna ya kuishi na mume. Mume akilala asiamshwe kwa kelele. Amwegemee, ampapase, na upepo asiukose, awepo wa kumpepea. Amtunze kama mtoto asiyejua kunena. Bi Mkubwa aliusema kwa sauti ya chini, beti baada ya beti, macho dirishani, na sauti ya Kiamu ikaifanya saluni nzima ionekane kama imehamia kisiwani. Alipomaliza akatua kikombe.

"Mimi niliolewa na miaka kumi na sita. Somo wangu, kungwi aliyenifunda, alinifundisha yote hayo, na zaidi ya hayo ambayo Mwana Kupona hakuyaandika. Nimepepea, mwanangu. Nimepepea hadi mkono ukaota sugu." Akakinyoshea kidole kitabu kilichokuwa mapajani mwangu. "Humo, nani kashika pepeo?"

Sikumjibu, maana jibu alikuwa ameshalisikia.

Niliporudi nyumbani usiku nilifungua ukurasa wa 212. Nilikuwa nimekwisha hukumu kwamba doa lile ni la kitandani. Nikakuta sivyo. Tukio la kitandani linaanza 188, na kurasa hizo ni nyeupe pe. Katika 212 yule binti amevunjika mkono, hawezi kujiosha nywele, na kaka wa pili anamwosha kwenye sinki la jikoni. Basi. Ukurasa mzima na nusu ya pili. Anamwuliza kama maji yana moto sana. Anamkinga macho na povu. Msusi wetu ana miaka ishirini na mitatu. Anaosha vichwa vya watu kuanzia saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kichwa chake mwenyewe hukifunga kitambaa kwa sababu hana wa kumsuka wala pesa za kumlipa. Hapo ndipo mafuta yalipodondoka.

Tusidanganyane, lakini: 230, iliyokunjwa mara mbili, ni ya kitandani.

Yuko msomi mmoja Mmarekani, Janice Radway, aliyewahi kufanya kitu ambacho wahakiki wengi hawakujisumbua kukifanya: alikwenda kuwauliza wasomaji. Kitabu chake, Reading the Romance, kilitoka mwaka 1984. Aliwahoji wanawake wa mji mmoja aliouficha kwa jina la Smithton, wake na akina mama wengi wao, waliokuwa wakinunua riwaya za mapenzi kwa ushauri wa mwuzaji mmoja waliyemwamini. Walimwambia kwamba ule muda wa kusoma ndio pekee ambao hakuna mtu aliyekuwa akiwadai kitu. Walitunza watu kutwa, na kitabuni kulikuwa na mtu anayetunzwa. Walichukia mwanamume mkatili na mwisho wa huzuni. Nilipoyasoma hayo, nilimwona Bi Mkubwa na mkono wake wenye sugu. Kati ya Smithton na Siu kuna bahari kadhaa, na miaka zaidi ya mia, na pepeo ni lilelile.

Sisemi kwamba moto si kitu. Anayesema anasoma vitabu hivi kwa ajili ya "uhusika" anadanganya, kama anayekwenda harusini kwa ajili ya mawaidha. Ila moto peke yake unapatikana bure kwenye simu, na hakuna anayeuwekea foleni ya wiki tatu.

Wala Nairobi haikuanza jana. Baba yangu alikuwa na sanduku la bati, na chini ya risiti za shule kulikuwa na vitabu vya David Maillu, aliyejichapisha mwenyewe miaka ya 1970 hapahapa mjini chini ya jina la Comb Books. After 4.30 kilitoka mwaka 1974. Kwa saa zetu ni baada ya saa kumi na nusu, ofisi zinapofungwa na bosi anapomwita katibu wake abaki kidogo. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake, jambo ambalo kama tujuavyo huwa ni tangazo zuri. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na minne na sikuelewa kwa nini watu wanakiita kichafu, maana kilichonibaki ni uchovu wa yule mwanamke. Moto ulikuwamo, lakini ulikuwa wa kuunguza.

Katika shule ya bweni mambo yalikuwa Mills & Boon, kampuni ya vitabu iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, ambao sidhani waliwahi kufikiria blanketi letu na tochi. Kitabu kilikuwa kimoja, wasichana arobaini. Tukakichana. Kila sura ikatembea peke yake, imeshonwa kwa uzi mweusi. Mimi nilianza na sura ya saba, wakiwa wanatukanana, nikafuata ya pili, ndipo nikajua kwamba ni yatima. Sura ya mwisho ilikamatwa na matroni wiki ya kwanza kabisa na hatukuiona tena. Basi kila mmoja akatunga mwisho wake nyuma ya daftari la jiografia. Katika wangu mwanamume anauza mashua na kuhamia Nakuru. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alimfanya mwanamke akatae, apande ndege, na tulimnunia mpaka siku ya kufunga shule. Sikujua wakati ule kwamba huo ni utamaduni wenye watu wengi. Fifty Shades of Grey, kilichotoka mwaka 2011 na kuuzwa kwa mamilioni, kilianza hivyohivyo: msomaji aliyependa riwaya ya mtu mwingine, akaanza kuwaandikia wahusika wake maisha mengine.

Kitabu cha tatu cha mfululizo wetu kiliingia saluni Desemba 2023, na hicho ndicho kilichotugawa.

Kaka wa tatu ana wivu. Anaweka kitu kwenye simu ya mwanamke wake kinachomwonyesha yuko wapi. Anafika kazini kwake bila kualikwa. Anampiga mwanamume aliyemnunulia kahawa. Pilipili tano, na mwandishi anayaita yote hayo mapenzi. Wasomaji wa aina hii huko duniani wanagawanyika hapohapo. Wapo wanaomtaka mwanamume kama huyu kitabuni hasa kwa sababu hawangemtaka sebuleni. Msusi alikuwa miongoni mwao. "Nikipata wa kunifuata hivyo, walai, nafunga saluni."

Halafu ikaja Januari. Aliyekuwa Nairobi anakumbuka ile Januari ya 2024, wanawake waliokutwa wamekufa katika nyumba za kupanga kwa siku, habari moja haijapoa nyingine imefika. Tarehe 27 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji hayo. Mama Saluni alifunga saa nne asubuhi siku ya Jumamosi, jambo ambalo sijawahi kuliona, tukaenda. Jumamosi iliyofuata msusi akanirudishia kitabu. Alikuwa amefika 96. Hakuna doa, hakuna mkunjo.

"Nimeshindwa," akasema. "Kila akiingia mlangoni nasikia kitu kingine."

Mteja mmoja wa Huruma, mwanamke wa makamo anayeuza mitumba Gikomba, akamwambia anachanganya mambo. "Mimi huyu nampenda kwa sababu ni wa karatasi. Nikikifunga kitabu, anabaki ndani."

"Na akikifungua yeye?"

Hakuna aliyecheka. Walibishana jioni yote, na sikusikia hata mmoja akitaja pilipili. Mimi, kama mnataka langu, siamini kwamba vitabu hivi vinazalisha wanaume wa namna ile. Wale hawasomi mapenzi, na kama wangesoma wangekuta kurasa mia mbili za kuosha nywele. Lakini hicho cha tatu sijamwazimisha tena mtu yeyote. Kiko chini ya kitanda changu, na nikifagia nakisogeza kwa ufagio.

Cha nne nilikipata kwa shida, mwezi Machi, na sina mengi ya kukieleza. Kaka mkubwa ndiye tuliyekuwa tunamngoja tangu mwanzo, na mwandishi alichoka naye. Soja aliniambia angalau huyu ng'ombe wake mmoja alizaa.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho ninachotaka kuwaeleza. Msusi, alipoona mfululizo umekwisha, akaanza kuandika wake. Kwenye simu, kwa Kiswahili, usiku. Jumamosi moja mwezi wa Mei, mvua zile za mafuriko, alimaliza kunisuka, nikaoshwa, nikaingizwa chini ya mashine ya kukaushia, haijawashwa bado, na akasimama katikati ya saluni akasoma.

Mwanamke wake ana kibanda cha nguo Ngara, anakaa Mathare North ghorofa ya nne. Maji yamekatwa siku ya tatu. Mwanamume ni fundi wa mabomba. Hana ranchi. Anapanda na mitungi miwili ya lita ishirini, anashuka, anapanda na mingine miwili.

"Ghorofa ya nne?" akauliza mteja wa Huruma. "Bila lifti?"

"Bila lifti."

"Huyo ndiye. Endelea."

Mwanamume anamjazia pipa. Hakai. Mwanamke anamwambia akae. Anamwuliza kama ana uhakika. Hapo wawili watatu wakaguna kwa kuridhika. Anampikia chai ya rangi, stima zinapotea, wanawasha mshumaa, kivuli kinatetemeka ukutani, msusi sauti yake inashuka, vichwa vyote vinainama mbele. "Akamshika mkono," akasoma. "Wakaingia chumbani. Wakafunga mlango."

Akainua macho. "Imeisha sehemu ya kwanza."

Nimesikia kelele Nairobi, nimekuwa Kirinyaga Road miaka kumi na saba. Hizo zilikuwa za aina yake. Mama Saluni alisema anarudisha televisheni. Mteja wa Huruma aliuliza kama mitungi minne kwa ngazi nne inalipwa kwa kufungiwa mlango. Soja, ambaye sikujua kwamba amesimama kizingitini, alisema, "Lakini dada, si haki." Msusi akawa anajitetea, ana haya, hana maneno, Kiingereza angeweza lakini kwa Kiswahili ataandika nini, zahanati au matusi?

Bi Mkubwa akajivuta kwenye kiti. Akamwita kwa kidole. Msusi akaenda, akachuchumaa mbele yake, simu mkononi, vidole gumba tayari.

"Andika," akasema Bi Mkubwa.

Na hapo Mama Saluni, kwa hasira au kwa kusahau, akabonyeza swichi, na ile mashine ikaanza kunguruma kichwani mwangu. Sikusikia tena kitu. Niliona midomo ya Bi Mkubwa ikienda taratibu, jinsi ilivyokwenda siku ile ya utendi. Niliona vidole vya msusi vikikimbia, vikasimama, vikakimbia. Niliona mteja wa Huruma akijipiga paja, kisha akilishika hilo paja kama linalomuuma. Soja akageuka kuelekea ngazi, akarudi. Mama Saluni akachukua gazeti la zamani kutoka dirishani akaanza kujipepea, na nilipompungia mkono azime mashine, hakuniona.